Chunjua Haziishi, na VVU Hana

Wenzangu wa kliniki za meno, nanyi wauguzi mliotoka zamu moja kwa moja kuja hapa, asanteni. Leo namzungumzia kijana mmoja mnayemfahamu. Mikono imejaa chunjua, nyingine ziko kwenye midomo na fizi. Nimonia haimwachi. Anapimwa VVU, hana. Anapewa dawa, anarudi nyumbani, na faili linafungwa. Naomba tusilifunge.

Kuna upungufu wa kinga ambao mtu huzaliwa nao. Mmoja wao, adimu sana, unaitwa WHIM. Hutokana na hitilafu kwenye jeni ya CXCR4, jambo lililogunduliwa mwaka 2003. Jeni hiyo husaidia kuzizuia seli nyeupe za damu, askari wa mwili, ndani ya uboho wa mifupa hadi zinapohitajika. Kwa mgonjwa huyu kizuizi hakilegei: uboho umejaa askari, mitaani hakuna doria. HPV, jamii ya virusi inayoleta chunjua na ambayo wengi wetu tunaipata na mwili unaifuta ndani ya mwaka mmoja au miwili, kwake inabaki. Aina hatari kama HPV 16 zikikaa muda mrefu kwenye utando wa kinywa, koo au sehemu za siri, protini zake huziharibu protini za mwili zinazozuia seli kuzaliana ovyo. Saratani inaweza kumfika angali kijana.

Mnakumbuka anemia ya Fanconi, ugonjwa mwingine wa kurithi unaodhoofisha uboho? Nayo huongeza saratani ya kinywa mara mamia, ila huko mzizi ni DNA isiyorekebishwa, na mchango wa HPV bado unabishaniwa.

Basi agizeni picha kamili ya damu. Hapa tahadhari: Waafrika wengi wana neutrofili, seli nyeupe zinazopambana na bakteria, chache kwa asili na ni wazima kabisa, hivyo namba hiyo peke yake isimtie mtu hofu. Tazameni na limfosaiti, seli nyeupe zinazopambana na virusi, kama nazo ni chache. Mpimeni siku ambayo haumwi, kwa sababu maambukizi huzipandisha neutrofili na kuficha tatizo.

Ushahidi ulionigusa kuliko wote ulichapishwa mwaka 2015. Mwanamke mwenye WHIM, aliyeelezwa kitabibu akiwa mtoto, mwaka 1964, alikuja kupona mwenyewe ukubwani. Katika seli mama moja ya uboho wake kromosomu ilikuwa imevunjika vipande, na nakala mbovu ya CXCR4 ikapotea. Kizazi cha seli hiyo kikatawala uboho, chunjua zikaisha. Mabinti zake wawili walirithi ugonjwa. Na mwaka 2024 Marekani iliidhinisha mavorixafor, dawa ya kumeza inayolegeza kizuizi hicho.

Sisi tuna kioo, taa na chanjo. Tanzania inachanja wasichana dhidi ya HPV tangu 2018, lakini WHIM haichagui jinsia, na kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuurithi. Mvulana wa namna hii naye achanjwe, hata kama kinga atakayopata ni hafifu. Chanjo hiyo haina virusi hai. Kinywa chake kikaguliwe kila miezi michache, chini ya ulimi na kwenye mafindofindo. Kidonda au baka jeupe likipita wiki 2, likatwe kipande kipelekwe maabara. Na mzazi aliyemleta, naye afungue mdomo tumtazame.