Saratani ya Puru: Tuulize Kwanza Kilichotolewa, Kisha Kifaa

Ndugu madaktari, wauguzi na wanafunzi wetu, kila ninapozungumzia saratani ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, hapa Mwanza, swali la kwanza huwa lile lile: roboti ya upasuaji itafika lini? Mnanifahamu, kwa hiyo mnajua kwamba sitaanza na roboti. Nitaanza na mafuta.

Puru imezungukwa na mafuta yaliyobeba mishipa ya damu na mitoki, nayo yamefungwa ndani ya utando mwembamba. Saratani ikishapenya ukuta wa puru, huingia humo. Mwaka 1908 Ernest Miles wa London alieleza upasuaji wa kuiondoa puru yote kwa kupitia tumboni na chini, mgonjwa akibaki na mfuko wa choo maisha yake yote. Ulikuwa ujasiri mkubwa, lakini kwa miongo mingi baadaye wapasuaji waliendelea kuibandua puru kwa mkono, bila kuona vizuri wanapopita, mafuta yakichanika na mengine kubaki nyuma. Ugonjwa uliporudi nyongani, watu walisema ndiyo tabia yake. Bill Heald wa Basingstoke, Uingereza, hakukubali. Mwaka 1982 alieleza kwamba mpasuaji akipita nje kidogo ya utando, kwa macho yake na kwa chombo chenye makali, mafuta yote hutoka pamoja na uvimbe, utando ukiwa mzima. Ugonjwa uliokuwa ukirudi nyongani kwa zaidi ya asilimia 20 ya wagonjwa katika hospitali nyingi ulishuka chini ya asilimia 10 kwa waliomfuata.

Anayeona ninatia chumvi aende mwaloni akamtazame mtoa mabondo ya sangara, vile vibofu vya hewa vya samaki huyo. Bondo likitoboka bei imeanguka, na mnunuzi hamwulizi kisu chake kimetoka wapi.

Mtaniambia kwamba upasuaji wa matundu madogo, wa kupitisha kamera na vyombo virefu bila kufungua tumbo, ndiyo maendeleo. Sipingi: maumivu hupungua na mgonjwa hurudi nyumbani mapema. Lakini katika utafiti wa COLOR II, wenye wagonjwa 1,044, ugonjwa ulirudi nyongani kwa asilimia 5 katika miaka mitatu, kwa waliofunguliwa tumbo na vilevile kwa waliopasuliwa kwa matundu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015, na mwaka huo huo tafiti nyingine mbili, moja ya Marekani na Kanada, nyingine ya Australia na New Zealand, zilichunguza ubora wa kilichotolewa na zikashindwa kuthibitisha kwamba matundu madogo hayapitwi na upasuaji wa wazi. Kwa hiyo mbele ya mwanamume mnene, mwenye nyonga finyu na uvimbe wa chini, mpasuaji asiyevizoea vyombo virefu afungue tumbo, wala asione haya.

Haya, roboti. Utafiti wa ROLARR wa mwaka 2017, wenye wagonjwa 471, ulikuta waliolazimika kufunguliwa tumbo katikati ya upasuaji ni asilimia 8.1 kwa roboti na 12.2 kwa matundu ya kawaida, tofauti ambayo kitakwimu haikuthibitika. Utafiti mkubwa zaidi wa China umeipendelea roboti, lakini ilikuwa mikononi mwa wapasuaji waliobobea. Njia ya kuanzia chini, kupitia njia ya haja kubwa, nitaigusa tu: Norwe waliisitisha baada ya kuona ugonjwa ukirudi mapema.

Mionzi ingestahili mhadhara wake. Waholanzi walionyesha mwaka 2001 kwamba hata upasuaji ukiwa mzuri, mionzi ya siku tano kabla yake iliteremsha kurudi kwa ugonjwa nyongani kutoka asilimia 8.2 hadi 2.4 katika miaka miwili. Hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, mionzi ipo. Mgonjwa wa Ukerewe au Sengerema apelekwe huko kabla ya kisu, si baada ya mambo kuharibika.

Nanyi wa patholojia, mnaochunguza kilichotolewa, msituandikie tu kwamba saratani imeonekana. Andikeni kama utando ni mzima au umechanika, na kama kati ya saratani na ukingo wa nje ipo milimita moja au haipo.