Mthibitishaji wa Nyumba Yako Mteue Mwenyewe

Ndugu zangu mnaojenga huku Sydney, jambo hili nimelisema sana na leo nalisema tena. Sheria ya jimbo letu, New South Wales, inampa mwenye nyumba kazi ya kumteua mthibitishaji wa majengo, yaani mtu anayekagua ujenzi na kutoa vyeti. Si mkandarasi. Tena mkataba wa ujenzi hauruhusiwi kukulazimisha umchukue mtu fulani.

Kuna familia moja ninayoifahamu. Siku ya kusaini mkataba waliwekewa rundo la karatasi mezani, na ndani yake fomu ya uteuzi, jina limeshachapwa. Baba akasaini. Hawakuwahi kuongea na huyo mthibitishaji hata kwa simu! Ujenzi ukaenda mbio, bafu likabandikwa vigae kabla ya mtu yeyote kukagua tabaka la kuzuia maji, na huo ni ukaguzi wa lazima. Baadaye ukuta wa chumba cha watoto, upande wa pili wa bafu, ukaanza kuvimba kwa unyevu. Mthibitishaji akasema hakuarifiwa. Mkandarasi akasema alipiga simu. Vigae vikabomolewa vyote, na pesa ikatoka mfuko wa familia.

Mtaniambia: mkandarasi anawajua hawa watu, atatupatia wa bei nafuu. Anawajua, ndiyo, na wao wanamtegemea kwa kazi ya kesho. Hiyo ni kesi ya ngedere kumpelekea nyani. Wathibitishaji binafsi, wasio watumishi wa halmashauri, walianza jimboni hapa mwaka 1998, na swali la nani anamlipa nani halijawahi kuisha. Mkesha wa Krismasi 2018 Opal Tower, jengo la makazi la ghorofa 36 hapa Sydney, ilipasuka kuta na watu wakatolewa. Juni 2019 yakafuata hayo hayo Mascot Towers, jengo jingine hapa Sydney. Usanifu na ujenzi vina lawama zao, lakini mkaguzi anayemwogopa mjenzi hakusaidii chochote.

Mengine haraka, muda umekwisha. Tafuta jina la mthibitishaji kwenye rejista ya serikali. Sainini naye mkataba wa maandishi, ada zikiwa wazi. Msingi na nondo vikaguliwe kabla ya zege, fremu kabla ya kufunikwa, na mkandarasi ampe mthibitishaji taarifa saa 48 kabla. Nawe omba nakala ya taarifa hiyo. Wala msimchukulie mthibitishaji kuwa msimamizi wenu wa kila siku: rangi mbaya na mlango uliopinda ni vya kudaiana na mkandarasi. Na msihamishe hata godoro kabla ya cheti cha kuhamia kutolewa.