Siku za Kazi Zisizoandikwa: Mhadhara kuhusu Usimamizi wa Mashamba

Wahadhiri, maafisa ugani wenzangu, wanafunzi, na wakulima mliofika kutoka Kongwa, Chamwino na Bahi, itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie ushirikiano wa wataalamu wa usimamizi wa mashamba barani Afrika, nami nitaanza na watafiti wa mbegu, kwa sababu wametutangulia. Mtama aina ya Macia, ambao wengi wenu mnaufahamu, uliidhinishwa Msumbiji mwaka 1989, Botswana mwaka 1994 kwa jina la Phofu, Namibia na Zimbabwe mwaka 1998, na hapa kwetu mwaka 1999. Hayo yaliwezekana kwa kuwa mpango wa pamoja wa SADC na ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya maeneo makavu, uliokuwa na kituo chake Matopos karibu na Bulawayo, Zimbabwe, uliwawezesha watafiti wa nchi hizo kupanda majaribio yanayofanana na kupeana matokeo.

Sisi wa usimamizi hatujafika hapo. Chukueni mashimo ya Chololo, yaliyoanzia kijiji cha Chololo hapa hapa Dodoma: mkulima huchimba safu za vishimo vyenye kina cha takriban sentimeta 30, akatia samadi na mabaki ya mazao ili maji ya mvua yasimpotee. Yatenga, nchini Burkina Faso, kuna zai, mbinu ya vishimo yenye shabaha ileile. Mwaka 1989 wakulima wa Illéla, Niger, walikwenda kuitazama, wakarudi nayo kwao, ambako huitwa tassa. Mbinu ilivuka mpaka kwa miguu ya wakulima, na sifa hiyo ni yao, si yetu.

Kisichovuka ni hesabu. Mwenye ekari moja ya ardhi ngumu haulizi tu atavuna magunia mangapi. Anauliza nani atachimba, na atakula nini akichimba, maana ifikapo Novemba ghala limepungua na vijana wamekwenda kwenye vibarua. Madaftari mengi ya shamba ninayoonyeshwa yana safu za mbegu, mbolea, dawa na usafiri. Mstari wa palizi umeandikwa “familia”, na kwenye safu ya gharama pana sifuri. Kwa sifuri hiyo shamba linaonekana lina faida, ilhali mama na watoto wamepalilia siku nyingi bila kuhesabiwa. Vipimo navyo vinatukwamisha: sisi tunahesabu kwa ekari na gunia, na gunia la lumbesa, lile linalojazwa kupita kiasi, halina uzito unaojulikana, huku wenzetu wa Burkina Faso na Niger wakihesabu kwa hekta na kilo.

Sipendekezi kuunda chombo kipya, kwani AFAAS, jukwaa la huduma za ugani barani lenye makao yake Kampala, lipo. Napendekeza wataalamu wa maeneo yenye mvua chache na msimu mmoja kama wetu wakubaliane ukurasa mmoja tu wa daftari, unaoonyesha ni kazi gani, imefanywa na nani, mwezi gani na kwa siku ngapi katika kila hekta, na mavuno yaandikwe kwa kilo. Hapo ndipo afisa ugani wa Bahi ataweza kulinganisha gharama ya kuchimba mashimo hapa na ya Yatenga kabla ya kumshauri mtu achimbe. Ukurasa huo ujaribiwe kwanza katika mashamba darasa, yaani mashamba ambako wakulima hujifunza kwa vitendo, kabla ya mvua za Desemba, na wakulima waujaze wenyewe jioni ileile ya kazi, kwa kuwa afisa anayepita mara moja kwa mwezi ataambulia makadirio tu.