"Kaka, huko Japani unasali wapi?" Leo najibu

Haya jamani, shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Kila nikipandisha video swali ni hilo hilo: Jumapili unasali wapi, au Japani imeshakubadilisha? Najibu leo. Asije mtu akaandika najishaua, mwingine akaandika nalia njaa.

Kosa ni langu, niliweka picha za makanisa ya Nagasaki mkadhani Kyushu nzima, kisiwa hiki cha kusini mwa Japani, iko vile. Haiko. Nagasaki ina historia yake: mtawala wa huko, Omura Sumitada, alibatizwa 1563, na 1580 akawakabidhi Wajesuiti, shirika la mapadri Wakatoliki, bandari. Ukristo ulipopigwa marufuku watu walisali kwa kujificha zaidi ya miaka 200, wengine wakahamia visiwa vya Goto, mpaka 1865 walipojitokeza kwa padri Mfaransa pale kanisa la Oura, Nagasaki. Ndiyo maana Goto utakuta kijiji cha wavuvi, nyumba za kuhesabu, na kanisa lipo, hata kama ni kigango tu na padri anapita kwa zamu. Ila Kagoshima, huku huku Kyushu, alikoshukia mmisionari Fransisko Ksaveri 1549, mtawala alimruhusu kuhubiri halafu akageuka. Mbegu ilitua kule, shamba likaota kwingine.

Sasa mimi niko Miyazaki, tena milimani. Mkoa wote wa Miyazaki na mkoa wote wa Oita ni jimbo moja la Kanisa, piga picha. Kwenda misa napanda basi, halafu treni, na basi la Jumapili likikuacha umeachwa. Nauli inameza malipo ya saa mbili na zaidi, na mwanafunzi naruhusiwa kufanya kazi saa 28 tu kwa wiki. Sadaka bado hapo. Wewe unayeandika "umeasi", nitumie nauli.

Nikafika parokiani, wakaniomba cheti cha ubatizo. Mama akaenda ofisini kule nyumbani, akaambiwa kijana wako hana bahasha za zaka. Niko nje miaka miwili! Akalipa yote. Safari tatu za bodaboda. Kukituma huku kukagharimu kuliko zaka yenyewe.

Haya ni yangu peke yangu, aliyeko Nagasaki mjini anatembea dakika kumi anafika, msimkatishe mtu tamaa kwa maneno yangu.

Cheti kimefika wiki iliyopita. Jina la baba limekosewa. Mama anarudi ofisini Jumatatu.