Waliobeba Ukristo wa kwanza hawakutumwa na mtu

Asanteni, asanteni, kaeni jamani. Wale mlionisikia mwaka jana mtanivumilia maana naanza palepale, huu ugomvi sijaumaliza. Kila nikiuliza Ukristo ulisambaaje mwanzoni napewa majina mawili tu, Paulo na Konstantino yule kaisari wa Roma. Mmoja alikuwa na miguu, mwingine alikuwa na jeshi, basi, tufunge vitabu tukale.

Haya, nambieni, Paulo alipoteremka Puteoli kule Italia akiwa mfungwa, Matendo 28, alikuta nini? Alikuta ndugu. Wapo tayari, wakamsihi akae nao siku saba. Nani aliwahubiria hao? Hakuna anayejua. Roma yenyewe, aliwaandikia waraka karibu mwaka 57 hajawahi hata kukanyaga mji wao na kanisa lipo, tena watu wanashindana kabisa kuhusu chakula kipi kinaliwa na kipi hakiliwi, yaani kanisa limeshakomaa kiasi cha kugombana. Puteoli ilikuwa bandari ya meli za nafaka kutoka Misri, na Paulo mwenyewe kafika na meli ya Aleksandria, kwahiyo ukiniuliza mimi nitakwambia waliofikisha habari pale ni mabaharia, makuli, watumwa wa matajiri na wachuuzi wadogo, watu ambao hakuna aliyehangaika kuandika majina yao. Antiokia hivyohivyo. Watu wa Kipro na Kirene waliokimbia baada ya Stefano kuuawa ndo wanaanza kusema na Wagiriki, na Luka hatupi jina la hata mmoja. Kirene iko Libya, lakini hapo naomba nipite, nikiingia sitoki.

Sasa nije kwenye kisa changu. Mama pale mbele anacheka, anakijua.

Karne ya 4 mwanzoni kulikuwa na msomi wa Tiro, mji wa pwani ya Lebanoni ya leo, anaitwa Meropius, kasafiri mbali na vijana wawili wa ukoo wake, Frumentius na Aedesius, anawafundisha njiani. Wakati wa kurudi meli yao ikatia nanga kuchukua maji na chakula. Kumbe wenyeji wa pwani ile mkataba wao na Warumi umeshavunjika, wakaivamia meli, wakaua wote. Vijana wale walikutwa chini ya mti wanadurusu masomo yao. Wakaonewa huruma, wakapelekwa kwa mfalme wa Aksum, kaskazini mwa Ethiopia ya leo. Habari hii kaiandika Rufinus, mwandishi wa historia ya kanisa wa zamani hizo, na anasema kaisikia kwa Aedesius mwenyewe, kwahiyo usiniambie ni hadithi ya bibi jikoni.

Mfalme akamfanya Aedesius mnyweshaji wake, na Frumentius, kwa kuwa alionekana ana akili, akapewa hazina na barua za ikulu. Mfalme akafa, mtoto bado mdogo, na mjane wa mfalme akawaomba wale wawili, ambao wameshapewa ruhusa ya kuondoka, eti bakini mnisaidie kushika nchi mpaka mwanangu akue. Wakabaki. Na hapa ndo ninapopapenda mimi, Frumentius hakuanza kuhubiri barabarani. Alianza kuulizia wafanyabiashara wa Kirumi wanaopita pale, nani kati yenu ni Mkristo? Akawapa nafasi wajenge mahali pa kusalia, akawasaidia na vifaa. Kanisa la Aksum linaanza na wachuuzi wanaosali pembeni mwa biashara zao!

Mtoto alipokua, Aedesius akarudi Tiro kwa wazazi, ila Frumentius akaenda Aleksandria kwa askofu Athanasius kumwambia kule kuna watu, tupe askofu. Athanasius akawakalisha mapadri wake, wakaona hakuna mwingine, wewe mwenyewe ndo urudi. Akawekwa wakfu, akarudi. Wahabeshi mpaka leo wanamwita Abba Salama.

Najua kuna mtu anasema moyoni, aha mzee, lakini mwisho si ni mfalme tena? Ndiyo, yule mtoto, Ezana, alikuwa mfalme, na sarafu zake zinaonyesha kabisa, za mwanzo zina mwezi na duara, za baadaye zina msalaba, miongoni mwa sarafu za kwanza duniani kuwekwa msalaba. Maandishi yake ya mwanzo kwenye mawe anajiita mwana wa Mahrem, mungu wa vita, baadaye anamtaja Bwana wa mbinguni. Lakini mpangilio uangalie vizuri, bana. Kundi la waumini lilikuwepo mfalme akiwa bado mtoto. Na huko vijijini hata sarafu hazikuleta kitu, ilibidi wasubiri watawa wale wanaoitwa Watakatifu Tisa karne ya 5 kuelekea ya 6.

Halafu angalia mkono wa kaisari ulivyofika. Karibu mwaka 356 Constantius, mtoto wa Konstantino, akamwandikia Ezana na nduguye barua kwamba Frumentius arudishwe Aleksandria akachunguzwe imani yake, maana kaisari alikuwa upande wa Waario, wale waliokataa kwamba Mwana ni sawa na Baba, na Athanasius alikuwa adui yake. Barua ipo, Athanasius kaihifadhi kwenye utetezi wake. Aksum haikuhama. Ikaendelea kupokea maaskofu wake kutoka Aleksandria mpaka karne ya 20. Sasa huyo kaisari aliyeeneza Ukristo kwa jeshi, jeshi lake liliishia wapi?

Kuna ndugu ataniuliza na towashi Mwethiopia wa Matendo 8, eti si yeye aliyeanzisha kanisa la Ethiopia? Kila mhadhara lazima aulize. Malkia Kandake aliyemtumikia ni wa Meroe, hiyo ni Sudan, na Biblia inasema akaenda zake akifurahi, basi, haisemi alianzisha kanisa. Falme za Nubia zilibatizwa karne ya 6. Tusimbebeshe mtu wa watu mzigo ambao Luka hakumpa.

Na yule wa kusema Ukristo huku Afrika ulikuja na mmisionari Mjerumani Krapf, Mombasa 1844, Krapf huyohuyo kabla ya Mombasa alikuwa Ethiopia, Shewa, mpaka 1842, akakuta kanisa lina miaka 1500 na mapadri hawana haja ya kufundishwa nani ni Yesu. Hata yeye alikuwa mgeni tu kwenye historia hiyo.

Muda umekwisha naona, mwenyekiti kashaanza kukohoa. Karthago, kule Tunisia ya leo, nimeipangia nusu saa, inabaki dakika moja. Tarehe 17 Julai 180, watu 12 wa Scillium, wanaume 7 na wanawake 5, majina yao mengine ya Kiafrika kabisa, wamesimamishwa pale Karthago mbele ya gavana wa Kirumi, anawauliza mna nini kwenye sanduku lenu? Wakajibu, vitabu, na nyaraka za Paulo, mtu mwenye haki. Wakauawa kwa upanga siku hiyohiyo. Sasa nani alizifikisha zile nyaraka Scillium, watu wa mji mdogo hata leo hatujui vizuri ulikuwa wapi? Uajemi na India siyagusi, maswali tafadhali, na wewe wa Konstantino nimekuona, anza wewe.