Deni la London, deni la Nairobi

Mwenyekiti, wazee wetu, wanafunzi, asanteni kwa kufika licha ya mvua na ule msongamano wa Uhuru Highway.

Nimeombwa nizungumzie jinsi mataifa yanavyokabili dhuluma za zamani. Nitaanzia London, maana sisi Wakenya hupenda kuanzia huko.

Mwaka 2009 wazee wachache wa Mau Mau, wapigania uhuru wetu, waliishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso ya kambi za kizuizini za miaka ya 1950. Mnajua utetezi wa kwanza wa Uingereza ulikuwa upi? Kwamba dhima hiyo ilihamia kwa serikali ya Kenya tulipopata uhuru 1963. Yaani mzee aliyepigwa akamdai Mkenya mwenzake, na aliyeshika kiboko aende zake! Jaji McCombe wa Mahakama Kuu ya London aliitupa hoja hiyo 2011. Mwaka uliofuata akatupa na ile ya kwamba muda umepita mno. Wazee walisaidiwa sana na karatasi: faili zilizosafirishwa kwa siri kutoka hapa kabla ya bendera kushushwa, zikafichwa kwenye bohari la serikali huko Hanslope Park. Mkoloni alikuwa mwandishi mzuri wa kumbukumbu, na hilo ndilo lililomponza.

Tarehe 6 Juni 2013 waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, William Hague, akasimama Bungeni kwao akasema Wakenya waliteswa na serikali yake inasikitika kwa dhati. Pauni milioni 19.9 zikalipwa kwa ajili ya wadai 5,228, gharama za kesi zikiwa humo humo. Lakini katika taarifa hiyo hiyo alisema Uingereza bado inakana dhima ya kisheria. Wengine zaidi ya 40,000 waliofungua kesi baadaye waligonga mwamba 2018. Na mwishoni mwa Oktoba 2023 Mfalme Charles alikuja hapa Nairobi, akasema yaliyotendwa hayana kisingizio. Kuomba msamaha, hakuomba.

Siku moja tu baadaye, mjini Songea, Tanzania, Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama mbele ya wajukuu wa Nkosi Songea Mbano, chifu wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani 1906 wakati wa vita vya Maji Maji. Yeye aliomba msamaha waziwazi, akaahidi kusaidia kutafuta fuvu la babu yao. Sisemi Wajerumani wamemaliza. Waulizeni Waherero na Wanama wa Namibia, ambao Wajerumani waliwaua kwa halaiki enzi za ukoloni: mwaka 2021 waliahidiwa mradi wa yuro bilioni 1.1 kwa miaka 30, na viongozi wao wengi wakaukataa kwa sababu mazungumzo yalifanywa baina ya serikali mbili, wenyewe wakiwa nje ya mlango. Ila pale Songea angalau aliyekosa alisema nani alikosewa na alitendwa nini.

Sasa turudi nyumbani, na hapa najua baadhi yenu hamtanipenda.

Wengi wenu mmewahi kupanga foleni Nyayo House kwa ajili ya pasipoti. Chini ya miguu yenu, chini ya ardhi, kuna vyumba ambamo watu walioshukiwa kuwa wa Mwakenya, kundi la siri lililompinga Rais Moi, walifungiwa miaka ya 1980. Walikaa gizani, uchi, maji yakiwa yamemwagwa sakafuni, siku baada ya siku, hadi ngozi ya miguu ikaanza kubambuka. Kisha wanafungwa kitambaa machoni, wanapandishwa kwa lifti kuhojiwa orofa za juu, wanarudishwa majini. Mkoloni alikuwa ameondoka zaidi ya miaka 20. Na Februari 1984, katika uwanja wa ndege wa Wagalla kule Wajir, wanajeshi wetu waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia, wakawaweka juani siku kadhaa bila maji, wakawaua. Serikali ilikiri vifo 57. Walionusurika wanataja maelfu.

Mkuki kwa nguruwe, jamani. Tunachowaambia Waingereza, kwamba hata mtu unayemwita mwasi hateswi, ama ni kweli kote, katika kambi ya mkoloni kule Hola na kwetu Wagalla pia, ama hatukukiamini tangu mwanzo.

Tume yetu ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyoundwa kuchunguza dhuluma hizi, ilipokea taarifa zaidi ya 40,000 kutoka kwa wananchi. Ripoti ilikabidhiwa Rais Uhuru Kenyatta Mei 2013, majuma mawili kabla ya Hague kusimama kule Bungeni kwao. Makamishna watatu wa kigeni walikataa kutia saini sura ya ardhi kwa sababu aya zilizomgusa rais wa kwanza, Jomo Kenyatta, babake Uhuru, zilibadilishwa. Machi 2015 Rais aliomba msamaha kwa niaba ya dola, akatangaza hazina ya shilingi bilioni 10. Alipoondoka madarakani 2022 waathiriwa walikuwa bado wanaiulizia. Bunge lenyewe halijaipitisha ripoti.

Kwa hiyo mtu asiniambie Kenya haijaomba msamaha. Imeomba, tena vizuri kuliko Mfalme. Kilichokosekana ni vile vitu vya kuchosha ambavyo wazee wa Mau Mau walivipigania kortini: faili, majina, hesabu ya fedha. Nataka ripoti ijadiliwe Bungeni na zile aya zirudishwe kama zilivyoandikwa. Nataka pia karani mmoja mwenye daftari akae Wajir aandike majina ya wafu wa Wagalla, kabla wajane wao nao hawajaisha.

Kuna wakili pale mbele anatikisa kichwa tangu nitaje Bunge. Mwenyekiti, mpe kipaza sauti aanze yeye.