Vidole Vyako Viko Wapi?

Mhadhara kwa madereva wa bodaboda, Dodoma

Wazee wangu shikamooni, na vijana habari za asubuhi. Nashukuru mmeacha abiria kuja kunisikiliza. Saa moja ya asubuhi kijiweni ni hela, nalijua hilo, kwa hiyo sitazunguka.

Mlipokuwa mnaingia nilisimama pale getini nikiangalia mikono yenu. Wengi mkono wa kulia umefunga ngumi kwenye kishikio cha mafuta, na breki ya mbele haina hata kidole kimoja juu yake. Mkono wa kushoto ni kinyume chake: vidole vimelala kwenye klachi muda wote, vinaibana kidogo kidogo. Nimekuja kwa ajili ya hiyo mikono tu.

Tuanze na wa kulia. Pikipiki ikiwa kilomita 50 kwa saa, inakula karibu mita 14 kila sekunde. Mtoto anakatiza. Aliyefunga ngumi kwenye mafuta inabidi kwanza afungue vidole, avinyooshe, aitafute liva, yaani ule mkono wa breki, ndipo abane. Tuseme kazi hiyo imemchukua nusu sekunde tu. Mita 7 zimeshakwenda, ambazo ni zaidi ya urefu wa daladala ya Hiace, na breki bado haijaguswa! Mwenzake ambaye vidole vilikuwa tayari juu ya liva, hizo mita 7 anazo mkononi.

Sisemi uende hivyo kutoka hapa mpaka Kibaigwa, mkono utakufa ganzi. Nasema ukiona kituo cha daladala, shule, makutano, au gari limeegeshwa na kuna mtu ndani anayeweza kufungua mlango, vidole vitangulie kwenye liva kabla wewe hujafika.

Sasa vidole vingapi? Hapa watu hubishana sana. Marekani, Motorcycle Safety Foundation wanaowafundisha wanaoanza huwaambia watumie vyote vinne, kwa sababu mgeni akibakiza vidole kwenye mafuta anaweza kufunga breki huku anavuta mafuta. Wengine husema viwili vinatosha. Mimi nasema iulize pikipiki yako. Kama mbele ina diski iliyo nzima, viwili vinaweza kukutosha. Kama mbele ni breki shuu, ile ya ngoma inayovutwa kwa waya, kama zilivyo nyingi kati ya hizi mlizoegesha hapo nje, viwili ni kujidanganya.

Jaribuni hivi. Pikipiki imesimama, umekaa juu yake. Bana breki ya mbele kwa kidole cha shahada na cha kati, kidole cha pete na cha mwisho vibaki kwenye kishikio. Bana kwa nguvu zako zote. Je, liva imekuja kuvigonga vile viwili vilivyobaki? Basi siku ya hatari vidole vyako mwenyewe ndivyo vitakavyoizuia breki isifike mwisho. Wewe ni mtu wa vidole vinne, au waya wako unataka kukazwa. Nenda kwa fundi leo.

Kuna woga mmoja nataka tuuondoe, maana unaua. Mnaambiana kijiweni kwamba breki ya mbele inapindua, usiiguse, tumia ya mguu. Na mimi niliambiwa hivyo, nikaamini miaka mingi. Ukweli ni kwamba ukifunga breki uzito mwingi unakwenda mbele, tairi la mbele linakandamizwa barabarani, na la nyuma linakuwa jepesi. Ndiyo maana breki ya mguu ikifungwa peke yake tairi linaburuta na pikipiki haisimami upesi. Abiria akiwepo nyuma, breki ya mguu inasaidia zaidi, lakini bado ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa.

Kinachopindua ni kuinyakua. Mimi nilianguka masika moja, mchanga umesombwa na maji mpaka juu ya lami, nimekata kona, mbuzi akatokea. Niliinyakua breki ya mbele kwa mkupuo na usukani umepinda. Tairi likateleza, nikalala na abiria wangu, mama mmoja mwenye kapu la nyanya. Mkono wake uliteguka. Mpaka leo naliona lile kapu. Breki haikuwa na kosa. Mkono wangu ndio uliokuwa na kosa. Nyoosha usukani kwanza, kisha bana kama unavyokamua nazi: unaanza taratibu, unaongeza, unaongeza. Mguu unafanya kazi pamoja na mkono.

Na kifundo cha mkono kisining'inie chini ya kishikio. Kikining'inia, pikipiki ikishtuka na kuruka mbele mwili wako unabaki nyuma, kifundo kinashuka zaidi, mafuta yanaongezeka yenyewe. Kaa kwenye pikipiki kama unavyoendesha, nyoosha vidole: kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole pawe mstari mmoja, na liva iwe hapo hapo vidole vinapoangukia. Liva nyingi zimefungwa juu mno. Ni kulegeza bolti za kibano, kuizungusha kidogo, kukaza tena.

Klachi nitaisema kwa ufupi. Vidole vikilala pale vikiibana, pleti zinateleza na kuungua, injini inapiga kelele na pikipiki haivuti. Gusa ukitaka kuitumia, vinginevyo achia. Kwenye ncha ya liva pawe na mchezo, yaani isogee bure, milimita 10 hadi 20 kabla waya haujaanza kuvuta. Na jamani, kushuka mlima umebana klachi ili kuokoa mafuta, acheni. Injini inayokushikilia umeikata, umebaki na breki peke yake, na breki shuu ikipata moto inalegea.

Angalieni pia ncha ya liva. Ile ncha ya duara ikivunjika, liva inabaki kama kisu, na ukianguka inaweza kukuchoma. Badilisha.

Spana ninazo kwenye hili sanduku. Tutoke nje tuanze na ile nyekundu ya mwisho, nimeona liva yake inatazama mawingu. Mwenye nayo apande, akae kama anavyokaa siku zote, tuone mkono wake unaangukia wapi.